Zombi Hasikii Uchungu: namna ya kupiga filamu fupi ya mazombi, karate na vichekesho jijini Nairobi

Mtu akipigwa teke la mbavu hujikunja, huguna, hurudi nyuma hatua mbili. Mapigano yote ya filamu yamesimama hapo: anayepigwa ndiye anayeuza teke. Sasa mweke zombi mbele ya mwenye mkanda mweusi. Haguni wala hajikingi. Hana pumzi ya kukabwa, na mkono wake ukiukunja ukang'oka, anakuja na ule mwingine. Yote aliyofundisha sensei kwa miaka kumi yameisha kazi, na uso wa mpiganaji anapogundua hivyo ndio unaovunja watu mbavu. Kila uamuzi utakaofanya, kuanzia rangi ya damu hadi kasi ya kamera, ukague kwa swali moja: je, mtazamaji ataona vizuri mbinu ikigonga mwamba?

Vipimo vilivyo hapa ni vya filamu ya dakika 12 hadi 15, yenye wapiganaji watatu, mazombi 20, siku tano za kupiga picha, ploti moja ya ghorofa na matatu moja.

Sheria za zombi kwanza, hadithi baadaye

Chukua karatasi uandike mambo matatu tu: nini humvuta zombi, nini humsimamisha, na anakumbuka nini kutoka maisha yake ya zamani. Ukiongeza la nne utalazimika kulieleza kwa maneno, na mapigano yanayosubiri maelezo hupoa.

Filamu za Hong Kong za miaka ya 1980 zilikuwa na maiti wanaorukaruka mikono imenyooshwa mbele, wakimtafuta binadamu kwa pumzi yake. Bana pumzi, anapita. Angalia sheria hiyo inavyozaa mchezo wa mwili papo hapo: mtu anatakiwa apigane huku mashavu yamevimba na macho yamemtoka. Zima sauti, bado utacheka. Usiiibe, lakini sheria yako ipimwe kwa mizani hiyohiyo.

Jambo la tatu, kumbukumbu, ndilo lenye utajiri kwa Nairobi. Zombi makanga bado ananing'inia mlangoni, noti zimekunjwa kati ya vidole, anaunguruma kwa mdundo uleule wa kuita abiria. Zombi askari wa geti hakuumi kabla hujaandika jina, namba ya kitambulisho na saa ya kuingia. Zombi mwenye nyumba anagonga mlango mmoja baada ya mwingine kwa sababu leo ni tarehe 5. Ukishaamua kwamba wanakumbuka kazi zao tu, umepata pia mlango wa kutokea: mpiganaji anajaribu mateke kumi na mawili kwa askari wa geti, yote yanapotea bure, kisha anachukua kalamu na kusaini daftari.

Na kuna deni moja la kulipa kwa watazamaji waliokulia kwenye vibanda vya video, sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni, ikipita juu ya filamu: wote wanajua steringi, yaani shujaa mkuu, hafi. Mwache steringi wako aumwe dakika ya nne, kwenye kifundo cha mguu, halafu filamu nzima avute soksi kuficha. Kila teke la juu atakalopiga baada ya hapo lina wasiwasi ndani yake.

Wapiganaji: chukua wanachokijua tayari

Huwezi kumfundisha mwigizaji karate kwa wiki tatu ikaonekana ya kweli kwenye fremu pana. Nenda kwenye kumbi za kijamii mitaani na kwenye dojo, yaani kumbi za mazoezi ya karate, utafute watu wa mkanda wa kahawia kwenda juu ambao wako tayari kuigiza. Kidokezo ambacho wengi hukikosa: bingwa wa kushindana si lazima awe ndiye bora kwako. Mwili wake umezoea kupiga pale nafasi inapofunguka, na mwigizaji aliyesahau hatua yake huacha nafasi wazi. Mtu wa kata, yaani mfuatano wa hatua za karate unaofanywa bila mpinzani, aliyezoea kurudia mfuatano uleule mara mia bila kubadilisha pembe ya kiwiko, ni salama zaidi na hufundishika haraka.

Kila mtindo una namna yake ya kushindwa mbele ya mfu. Taekwondo huhitaji nafasi ya mita mbili na nusu hivi, kwa hiyo ipeleke kwenye ngazi za fleti ambako mguu unagonga ukuta kabla haujafika usoni. Judo ni kushikana, na kumshika anayeuma ni wazo baya kuliko yote. Kwa hiyo ndilo la kuchekesha kuliko yote. Mtu wa karate huinama kwanza. Zombi hainami. Mwache asubiri heshima irudishwe, hesabu moja, mbili, tatu. Sekunde tatu kamili, bila kukata picha.

Kanuni ya uigizaji ni moja na haina mjadala: mpiganaji asijue kwamba yuko kwenye kichekesho. Akianza kukodoa macho kwa kamera, tukio limekufa.

Kupanga mapigano

Gawanya pambano katika sentensi fupi za hatua tano hadi saba, kila sentensi ikiishia kwenye nukta, yaani kitu kimoja kinachoonekana: mkono umebaki mikononi, zombi amekwama kwenye beseni, mkanda mweusi umenaswa mlangoni. Zipe hatua namba. Mtu akikosea, anayeongoza asiseme "pale mlipokuwa mkivutana", aseme "rudi namba nne". Pambano la sekunde 60 litakula saa nane hadi kumi za mazoezi kabla ya kamera kufika. Anza kwa robo ya kasi, kisha nusu, kisha robo tatu. Kasi kamili iachwe kwa siku ya kupiga picha, na hata siku hiyo mtangulie kupitia mara mbili kwa nusu kasi.

Hapa kuna hatari ambayo filamu za kawaida za mapigano hazina. Wapiganaji wa filamu huanza kila hatua kwa kutazamana machoni. Hiyo ndiyo ishara kwamba wote wako tayari. Zombi hatazami. Macho yake yako mbali, shingo imelala upande, na mara nyingi mwigizaji haoni vizuri kwa sababu ya mekap. Basi ishara iwe ya sauti. Kila zombi apewe mngurumo wake mfupi wa kuitikia kabla ya hatua inayomhusu, na mpiganaji asitupe ngumi asipousikia. Lenzi za macho za rangi nyeupe ziache kabisa: zinapunguza kuona, na lenzi za bei ya chini zilizovaliwa na vidole vyenye damu bandia huleta maambukizi. Weupe wa macho unaweza kuongezwa kwenye uhariri.

Umbali kati ya ngumi na uso uwe sentimita 20 hadi 30. Kamera isimame nyuma ya bega la anayepiga au nyuma ya anayepigwa, ili ngumi ipite katikati ya lenzi na uso na pengo lisionekane. Kamera ikikaa ubavuni, pengo linaonekana hata kwa mtoto. Lenzi ya mm 50 hadi 85 huwabana watu wawili waonekane karibu. Lenzi pana huwatenganisha. Kwa kawaida anayepigwa hujibu ngumi inapopita mbele ya pua yake. Zombi wako ajibu kwa kuchelewa nusu sekunde. Mara moja unapata tabia ya mfu, kichekesho, na nafasi ya kusamehe makosa madogo ya muda.

Tatizo kubwa la mazombi wanaotembea polepole ni kwamba mpiganaji humaliza hatua zake kisha anabaki akingoja mtu afike. Dawa yake ni nafasi finyu. Korido ya mita moja na robo, ngazi, bafu la pamoja, paa lenye kamba za nguo: mahali ambapo wao wako karibu tayari. Kwenye kamba za nguo mpiganaji anapigana na shuka zaidi ya anavyopigana na mazombi. Na wale wa nyuma wasisimame wakingoja zamu kama majambazi wa filamu za zamani. Mpe kila mmoja shughuli: huyu amekwama kwenye geti la nusu, yule anakanyaga ndala ya mwenzake. Au igeuze foleni iwe sheria. Mazombi wa Nairobi wanaopanga foleni ya matatu saa moja usiku, na mmoja anayepenya wengine wakamgeukia yeye badala ya binadamu, hawahitaji mazungumzo.

Matatu yenyewe iwe imesimama, injini imezimwa, gurudumu limewekewa jiwe. Ya abiria 14 ina paa la chini, kila kitu kinapigwa mkiwa mmeketi au mmejikunja. Ya abiria 33 inaruhusu kusimama kwenye njia. Ikodishe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, wakati abiria ni wachache na mwenyewe hapotezi sana. Vijana wawili waitikise kutoka nje kwenye bampa, mwingine apitishe taa madirishani, na itaonekana inakimbia. Kabla ya hapo, fundi afungue kiti kimoja ili kamera ipate pa kukaa, na vyuma vyote vilivyochongoka vifungwe sponji na tepu nyeusi.

Kuanguka kuna mipaka yake. Asiyefundishwa kuanguka aangukie godoro, na asianguke kutoka juu ya mita moja. Kabro na murram huchuna ngozi hata kwa kuteleza tu, kwa hiyo pedi za viwiko na magoti zivaliwe chini ya nguo. Maboksi ya supamaketi yasiyokunjwa, yakipangwa safu mbili na kufunikwa godoro jembamba, hupokea mtu vizuri zaidi ya godoro nene peke yake, kwa sababu yanabonyea na kutoa hewa taratibu. Yakishabonyea yabadilishe. Usiyanyooshe ukayarudia.

Damu

Kwa zaidi ya lita moja kidogo: sukari kilo 1, maji nusu lita. Chemsha kwa moto mdogo hadi sukari iyeyuke. Koroga vijiko viwili vya mezani vya unga laini wa wanga wa mahindi katika maji baridi kidogo, mimina ndani, endelea kukoroga dakika tatu. Epua. Ongeza gliserini vijiko vinne, ile ya kupaka mwilini inayouzwa kila duka la vipodozi. Ndiyo inayozuia damu kukauka na kupasuka kama rangi ya ukuta. Weka rangi nyekundu ya chakula vijiko viwili vya chai, kisha kakao kijiko kimoja cha mezani iliyotangulia kukorogwa katika maji ya moto, la sivyo itaelea kwa madonge. Jaribu kwenye kitambaa cheupe, na ulitazame kupitia kamera, kwa maana jicho litakudanganya. Ikielekea pinki, ongeza kakao. Ikielekea machungwa, tone moja la rangi ya buluu. Andaa lita sita kwa siku tano.

Damu ya nguo iongezewe kijiko cha sabuni ya maji kwa kila lita, itoke kirahisi kwenye kufua. Hiyo isiingie mdomoni kamwe. Chupa zake zifungwe tepu ya rangi tofauti. Tatizo la sukari ni nzi na nyuki. Saa tano asubuhi juani, zombi aliyelala chini akingoja zamu yake atakuwa amezungukwa, kwa hiyo damu ipakwe dakika za mwisho, na ndoo iwe na kifuniko.

Utumbo wa kuliwa mbele ya kamera? Matumbo mabichi ya buchari yatanuka kabla ya saa sita na hakuna atakayekubali kuyaweka mdomoni. Mutura, soseji ya matumbo yaliyojazwa nyama na damu, inafanya kazi hiyo kwa heshima zote: ina umbo, ina rangi, inakatika vizuri, na mwigizaji anaifurahia. Muulize kila mtu kwanza, maana Mwislamu hali damu. Kwa wasiokula, chapati iliyokunjwa kama bomba ikalowekwa kwenye maji ya biti inapita.

Ngozi

Mafunzo mengi ya mekap ya zombi yameandikwa kwa ngozi nyeupe: paka kijivu, paka kijani, maliza. Kijivu hicho kikipakwa kizito kwenye ngozi nyeusi humgeuza mtu kuwa aliyeangukiwa na unga. Anza na kutopaka kitu. Mwigizaji aache mafuta, hata Arimis, siku mbili. Ngozi itapauka yenyewe, na kwenye baridi ya Julai itapauka zaidi ya unavyohitaji. Juu ya hapo weka zambarau nzito na kahawia-nyekundu kuzunguka macho, chini ya mashavu na kwenye midomo, kisha rangi ya zeituni kwenye paji na shingoni. Kijivu kiguse mifupa tu, kwa sponji kavu. Mikono na masikio yasisahaulike. Zombi mwenye vidole vilivyong'ara ndiye wa kwanza kuonekana kwenye fremu pana.

Majeraha ya lateksi, yaani mpira wa majimaji: tabaka la lateksi ya maji, tabaka la tishu iliyochanwa, rudia mara tatu, kausha kwa feni, kisha rarua katikati na ujaze rangi nyeusi na damu. Lateksi ina amonia na watu wengine huvimba, hivyo kila mtu apimwe kwenye mkono wa ndani saa 24 kabla. Nyusi, ndevu na nywele za paji zipakwe vaselini kwanza, au zitatoka na jeraha. Jelatini ni mbadala wa bei nafuu: jelatini, gliserini na maji kwa vipimo sawa, yeyusha juu ya chombo cha maji ya moto bila kuchemka, acha ipoe hadi uweze kuigusa bila kuungua, ndipo upake. Udhaifu wake ni joto. Mtu akipigana juani kwa dakika kumi jeraha huanza kuteleza kuelekea shingoni, kwa hiyo liwe la mazombi wanaosimama kivulini. Jelatini nyingine hutokana na nguruwe. Soma pakiti na umwambie mwigizaji kabla.

Hesabu ya muda ndiyo huangusha siku ya kwanza. Mazombi watatu wa mbele, dakika 90 kila mmoja. Sita wa kati, dakika 25. Kumi na mmoja wa nyuma, dakika 5. Jumla ni dakika 475, karibu saa nane. Wapakaji wawili ni saa nne. Ukitaka kuanza kupiga picha saa tatu asubuhi, wa kwanza aketi kitini saa kumi na moja alfajiri, na wa mwisho kabisa wasiitwe kabla ya saa mbili. Ukiwaita wote pamoja alfajiri, kufikia mchana utakuwa na mazombi halisi.

Nguo na silaha

Soko la mitumba la Gikomba ni pazuri kwa mazombi wa nyuma, lakini nguo za mpiganaji mkuu zinatakiwa tatu zinazofanana kabisa: safi, yenye damu kidogo, iliyoraruka. Mitumba haina pacha. Nunua shati jeupe na suruali kwenye duka la sare, bila nembo ya shule yoyote. Nguo za kuchakaza zisuguliwe kwa msasa kwenye viwiko, magoti na kola, mahali nguo huisha kwa kweli, kisha ziloweshwe chai ya rangi na kupakwa udongo mwekundu. Sare za polisi na jeshi usiziguse bila idhini. Ni kosa kisheria.

Panga na rungu vitengenezwe kwa mkeka wa sponji nzito: kata umbo, pitisha joto la bunduki ya hewa moto ili vinyweleo vifunge, paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji tabaka mbili, kisha rangi ya fedha. Kisiwe na mti wala chuma ndani kama kitamgusa mtu. Panga la kweli lionekane kwenye picha ya karibu peke yake, bila mtu mwingine kwenye fremu. Mwiko, kifuniko cha sufuria, jiko la makaa lisilo na moto, ndala: hivi ndivyo vinavyofaa zaidi kwa vichekesho, kwa sababu kila mtazamaji ameshawahi kurushiwa kimoja wapo.

Chupa ya kuvunja kichwani ni ya sukari: vikombe viwili vya sukari, nusu kikombe cha sharubati ya glukosi kutoka maduka ya waoka keki, kikombe kimoja cha maji. Maelekezo ya kawaida yanasema ifike nyuzi 149. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, kwa hiyo epua kwenye 143. Ukingoja 149 itapitiliza na inaweza kuanza kugeuka rangi. Pima kipimajoto chako katika maji yanayochemka, uone kimepungukiwa nyuzi ngapi chini ya 100, upunguze hizohizo. Mimina kwenye ukungu wa silikoni uliopakwa mafuta. Wakati wa mvua chupa hunyonya unyevu na kunata, hivyo itumike siku hiyohiyo. Ipige begani au mgongoni, uso hapana; vipande vyake ni laini kuliko kioo lakini bado vinakata.

Kamera na jua

Stima ya Kenya ni hezi 50. Piga kwa fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde kwa mazungumzo na 1/100 kwa mapigano. Mikono na miguu itaonekana bila ukungu na taa hazitameta. Simu nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye fremu 30, na chini ya taa za korido utaona mistari ikipanda. Tafuta programu inayokuruhusu kufunga fremu, shata na mwanga.

Mapigano ya kuchekesha hupigwa kwa fremu pana, mwili mzima ndani, kamera ikitulia. Kamera ya kutikisika huficha makosa, ni kweli. Huficha na kichekesho. Ngumi ikihitaji uzito, piga kutoka pembe mbili, kisha kwenye uhariri rudia fremu tatu za mgongano: picha ya kwanza imalizike ngumi ikigusa, ya pili ianze fremu tatu kabla ya kugusa. Jicho halioni marudio, mwili unayahisi.

Kuongeza kasi hadi asilimia 108 hunoa mateke. Lakini zombi aliye kwenye fremu hiyohiyo naye anaongezwa, akaonekana anawahi kazini. Waambie mazombi watembee polepole zaidi ya kawaida katika picha hizo. Usiongeze kasi mtu anapoanguka. Macho ya binadamu yanaijua kasi ya kuanguka.

Jua la saa sita hapa liko utosini, linajaza vivuli kwenye mashimo ya macho. Kwa zombi ni zawadi, kwa steringi ni balaa: mwekee kadibodi nyeupe au foili chini ya kifua. Mawingu ya Julai na Agosti hutoa mwanga laini wa kijivu siku nzima, na ndiyo miezi bora ya kazi hii. Epuka Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba kama huna pa kujificha mvua. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kisha giza hushuka ndani ya dakika 20 na kitu. Usipange zaidi ya picha mbili za machweo kwa siku.

Vibali na mtaa

Leseni ya kupiga filamu inatakiwa chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Barabara na bustani za jiji zina ada za kaunti, na kanjo, askari wa kaunti, watafika hata kama mko watano. Droni ni suala la Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Filamu ikiisha, Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ndiyo inayoipa daraja kabla ya kuonyeshwa hadharani: GE (watu wote), PG (kwa mwongozo wa mzazi), 16 au 18. Amua unalenga lipi wakati wa kuandika. Mkono wa sponji unaong'oka bila damu na utumbo unaovutwa kwa karibu haviko daraja moja, na runinga zinabanwa kuhusu maudhui ya watu wazima kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku.

Karatasi zote hizo hazimsaidii kijana aliyetoka getini kununua sigara akiwa na damu kifuani na panga la sponji mkononi. Umati wa Nairobi haungoji maelezo. Mpelekee OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi cha karibu, barua yenye tarehe, saa, idadi ya watu, na neno wazi kwamba kuna damu bandia na silaha za sponji. Ongea na chifu, wazee wa nyumba kumi na mwenye duka la kona, maana yeye ndiye atakayeulizwa na kila mtu. Kwenye seti: zombi hatoki nje ya kamba bila koti la kufunika na msindikizaji mwenye fulana ya kung'aa. Chakula, maji na choo viwe ndani. Bunduki bandia usilete kabisa mtaani, hata ya plastiki.

Sauti

Mapigano yaliyorekodiwa na maiki ya kamera yanasikika kama watu wakikung'uta zulia. Kila pigo lijenge kwa sauti tatu: mvumo, kishindo, kitu kinachovunjika. Mvumo ni fimbo nyembamba ikipitishwa haraka sentimita 30 mbele ya maiki. Kishindo ni ngumi kwenye kabichi iliyofungwa taulo bichi. Mfupa ni muwa. Uchague mkavu kidogo, uvunje kwa goti. Mashina ya sukuma wiki yakisokotwa yanatoa sauti ya shingo ikigeuka. Nyama ni papai lililoiva sana, likikamuliwa polepole. Rekodi chumbani kwenye magodoro na nguo, usiku, pikipiki zikishapungua.

Weka kishindo kwenye fremu ya kugusa, au moja baada yake. Kwa zombi jaribu kinyume: mvumo mkubwa wa teke, kisha kimya kabisa pale linapogonga. Fremu 12 za kimya. Halafu muwa.